Uzi: Tangu korona ipite bima za afya zimebadilisha mchezo, tuelewane kabla hujafika dirishani na mgonjwa

Mzee wa Klemu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mimi nipo kwenye hizi kazi za bima ya afya tangu kabla ya korona. Mwanzo nilikuwa dirisha la bima kwenye hospitali binafsi hapa Dar, sasa hivi nipo upande wa udalali, yaani kampuni ikitaka kuwakatia wafanyakazi wake bima sisi ndo tunaenda kuwatafutia na kubishana bei. Kwa hiyo nimekaa kwa anayelipwa na nimekaa kwa anayelipa, na kuna kitu naona watu wengi hawajakishika, wanakuja kukijua siku wamefika hospitali na mgonjwa, hapo ndo ugomvi unaanza na binti wa mapokezi ambaye hana kosa lolote. Nimeona niandike, ni ndefu, mnivumilie.

Zamani bima zilikuwa zinashindana kwa ahadi. Hospitali ngapi utatibiwa, India unaenda au huendi, limiti ya kulazwa milioni ngapi. Ukienda kuhuisha mkataba unaongezewa vitu ili usihame. Baada ya korona nguvu yote imehamia kwenye kuchagua nani aingie, aingie lini, atibiwe wapi, apewe dawa ipi na kwa bei gani. Hiyo ndo habari yenyewe, mengine yote nitakayosema hapa yanatoka humo.

Turudi 2020 kidogo. WHO walitangaza janga tarehe 11 Machi, sisi mgonjwa wa kwanza akatangazwa tarehe 16. Wiki ile simu zilikuwa haziishi, watu wanauliza bima yangu inalipa korona au hailipi. Mikataba mingi ya bima binafsi ilikuwa na kipengele kinachotoa nje magonjwa ya mlipuko, kipo ukurasa wa nyuma huko hakuna aliyewahi kukisoma. Na hawakukiweka kwa roho mbaya tu, kampuni ya bima nayo inajikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi, ndo inaitwa bima mtawanyo, na wale wakubwa walikuwa wameshasema janga la dunia nzima hawalibebi. Kwa hiyo kampuni ya hapa ikilipa inalipa kutoka mfukoni mwake. Wengine wakakubali kulipa mpaka kiwango fulani, wengine wakalipa kipimo tu, wengine wakanyamaza.

Sasa kilichofuata wengi hawakitegemei. Bima zilipata nafuu mwaka ule. Watu waliogopa hospitali, operesheni zinazoweza kusubiri zikasogezwa, mtu mwenye mafua anajifukizia nyumbani badala ya kuja kumuona daktari. Marekani kule UnitedHealth, kampuni kubwa ya bima ya afya, robo ya pili ya 2020 walipata faida ya dola bilioni 6.6 wakati kipindi hichohicho 2019 walipata 3.3. Huku kwetu takwimu za korona ziliacha kutolewa mwishoni mwa Aprili 2020 lakini mimi nilikuwa nakaa dirishani, viti vya kusubiria vilikuwa vinabaki vitupu saa 4 asubuhi, muda ambao siku za kawaida watu wanasimama kwenye korido.

Halafu deni likarudi. Yule mwenye sukari aliyekaa mwaka mzima bila kliniki akarudi na kidonda. Mwenye presha akarudi na kiharusi au figo zimechoka, na mgonjwa wa figo akishaanza kusafishwa damu ni mara 3 kwa wiki, wiki zote. Dawa na vitendanishi vinanunuliwa kwa dola navyo vikapanda. Hata Marekani Juni 2023 haohao UnitedHealth waliwaambia wenye hisa kwamba wazee wamerudi kufanyiwa nyonga na magoti waliyoyaahirisha, hisa zao zikashuka. Kwa hiyo sio tatizo la kwetu peke yetu, ila kwetu mfuko ni mdogo na waliomo ni wachache. Serikali yenyewe wakati inapeleka muswada wa bima ya afya kwa wote ilikuwa inasema wenye bima ya aina yoyote ni kama asilimia 15 tu ya Watanzania.

Na korona iliwafundisha watu thamani ya bima, ni jambo jema, lakini anayekimbilia kukata bima kwa hiari mara nyingi ni yule aliyeshaambiwa na daktari ana kitu. Mzima anasema nitakata mwakani. Mfuko ukijaa wagonjwa watupu hauwezi kusimama, hata uuendeshe na malaika.

Hapo ndo mfano wa Toto Afya Kadi unaingia, ile kadi ya watoto ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka mzima, anatibiwa mpaka hospitali kubwa. Machi 2023 NHIF wakasitisha usajili wa mtoto mmojammoja, wakasema watoto waingie kupitia shule au kwenye kifurushi cha familia, kwa sababu wazazi walikuwa wanamkatia yule anayeumwa tu, wenzake wazima wanabaki nyumbani, na matumizi yakawa yamezidi michango kwa mbali sana. Kihesabu NHIF walikuwa sahihi. Lakini kuna wazazi walikuwa na mtoto wa moyo au kansa katikati ya matibabu, kadi inaisha na dirisha la kuhuisha limefungwa. Mimi mpaka leo naona lile jambo lilifanywa vibaya. Aliyekuwa ndani tayari alitakiwa aachwe amalize. Baadaye kadi ikarudi, lakini muulize mzazi aliyepita kipindi kile.

Kisha ikaja ya kitita, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo mfuko unalipia na bei zake. Mwaka wa fedha 2022/23 mfuko ulikuwa na nakisi ya zaidi ya bilioni 150, kama CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alivyokuja kuonyesha kwenye ripoti yake. NHIF wakapitia bei zote wanazolipa hospitali, dawa kwa dawa na kipimo kwa kipimo, na baada ya kuvutana na kuahirisha kitita kipya kikaanza tarehe 1 Machi 2024. Hospitali binafsi zikagoma, Aga Khan, Kairuki, TMJ, Regency, zikasema kwa bei hizi hatutoi huduma kwa wenye kadi za NHIF. Waziri wakati ule Ummy Mwalimu akawa anahangaika kuwarudisha mezani. Mtakumbuka zile siku, watu wanahamisha wagonjwa kwenda hospitali za serikali.

Mkishaona mgomo umeisha mnadhani yameisha. Njooni niwaonyeshe dirishani kinachotokea.

Mama anafika na kadi, anahakikiwa, mfumo unatoa namba ya idhini, anamuona daktari, daktari anaandika dawa ya presha aliyozoea. Fomu ya 2A na B, ile ya hospitali kudai malipo kwa mfuko, inajazwa, anasaini. Anaenda famasi. Mfamasia anaangalia ile dawa kwenye orodha, bei ambayo mfuko utairudisha ni ndogo kuliko bei ambayo hospitali imenunulia. Akimpa, hospitali imekula hasara kwa kila kidonge. Kwa hiyo anamwambia mama kwa upole kabisa, hii kwa bima haipo, kwa kesh ipo. Mama anatoa elfu 18 yake kwenye pochi. Kwenye vitabu vya bima ile dawa haijawahi kuombwa kwa hiyo matumizi yameshuka, mfuko umepona, kwenye taarifa inaonekana mkakati umefanikiwa. Ile elfu 18 haipo kwenye taarifa yoyote. Hiki ndo kinaniuma wakuu, gharama imehamia kwenye pochi ya mama na hakuna aliyemwambia kabla.

Bima binafsi nao wana ya kwao. Huko bei ya kikundi inapangwa kwa kuangalia mwaka uliopita mlitumia kiasi gani, uwiano wa madai na michango. Kampuni ya wafanyakazi 40 ikipata mtoto njiti mmoja aliyekaa chumba cha uangalizi wiki kadhaa, mchango wa mwaka umekwisha. Zamani bima ilikuwa inameza hiyo kwa sababu inataka wateja. Siku hizi barua ya kuhuisha inakuja na bei mpya inayomfanya mwenye kampuni akae chini. Hapo tunaanza kupunguza: hospitali za daraja la juu zinatolewa kwenye orodha, au zinabaki lakini ukienda unachangia kiasi fulani dirishani, uzazi unawekewa limiti yake ndogo ndani ya limiti kubwa, magonjwa sugu hivyohivyo, macho na meno ndo usiseme. Kwenye kadi bado imeandikwa milioni kadhaa za kulazwa, lakini ukifungua kurasa za ndani hizo milioni zimegawanywa vyumba vyumba.

Alama za kidole nazo. Kampuni nyingi humuoni daktari mpaka uweke kidole, na ukitoka unaweka tena. Hili mimi naliunga mkono asilimia zote, nilishaona kadi moja inatibu ukoo mzima, shemeji anakuja na kadi ya kaka yake, na kuna vituo vilikuwa vinaandika huduma ambazo mgonjwa hajawahi kuzipata. Hela hizo zilikuwa za watu wanaougua kweli.

Kingine kilicholetwa na korona ni daktari wa kwenye simu. 2020 ilikuwa lazima, sasa wameona ni rahisi kwao, kumuona daktari kwa simu kunagharimu kidogo kuliko kufika hospitali kubwa ambako ukishaingia tu unapimwa kila kitu. Baadhi wanapeleka mpaka dawa za presha na sukari nyumbani kila mwezi. Hapa nasema wazi, hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote walivyofanya na ndo wanakifanya kidogo kuliko vyote. Pesa za mfuko zinaliwa na figo, kiharusi na kansa iliyochelewa kugundulika. Mtu mwenye presha akimeza dawa zake kila siku hafiki kwenye kusafishwa damu. Sasa kwa nini unabana dawa ya presha ya elfu 18 halafu miaka mitano baadaye unalipa figo? Nimekaa vikao vya kuhuisha mikataba miaka yote hii, tunabishana asilimia ya ongezeko, hakuna aliyewahi kuleta mezani hesabu ya wafanyakazi wangapi wamepimwa presha mwaka ule.

Niishie hapo kwanza, wenye maswali leteni.

---

kijana wa Mbagala

Mkuu umeandika vizuri lakini mimi kwa upande wangu bima ni wizi tu. Nimekatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaweka 3, miaka sita nimeenda hospitali labda mara nne. Siku mwanangu anaumwa naambiwa dawa nunua nje. Hizo hela ningeweka benki si ningekuwa mbali.

---

Mzee wa Klemu

@kijana wa Mbagala hasira yako naielewa na hiyo ya dawa kununua nje nimeilalamikia humohumo juu. Lakini hizo ulizokatwa ndo zimemsafisha damu mfanyakazi mwenzako ambaye huenda humjui. Na ukiweka benki, hesabu ya kulazwa ICU wiki mbili tu kwa kesh inamaliza akiba ya miaka. Mimi nilikaa dirishani, nimeona watu wanapiga simu kijijini ng'ombe auzwe usiku ili mgonjwa atoke. Usitoke kwenye bima, dai haki yako ndani ya bima. Dawa ikiwa ipo kwenye orodha ya mfuko na kituo kinakwambia hakuna, piga simu ya bure ya mfuko ukiwa hapohapo dirishani, sio ukifika nyumbani.

---

Tabibu wa Kata

Mimi ni tabibu, zahanati ya serikali mkoani, niongeze kitu ambacho watu wa Dar hamkioni. Huku kwetu bima tuliyoizoea ni CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, kaya ya watu sita ilikuwa 30,000 kwa mwaka. Watu wanakata msimu wa mavuno wakiwa na hela, mwaka unaofuata mvua ikigoma hawahuishi. Na akija na kadi akakuta hakuna dawa mara mbili, mara ya tatu hana imani tena, na anawaambia majirani zake wote. Kwa hiyo mkiongelea mkakati wa bima, huku mkakati ni dawa iwepo kwenye shelfu basi. Ukiniletea dawa mwaka mzima mimi nakuandikishia kijiji kizima.

Na hilo la presha umegusa penyewe. Huku mtu anapimwa presha siku ameanguka.

---

Mzee wa Klemu

@Tabibu wa Kata asante sana daktari, huu mchango ndo nilikuwa nautafuta. Watu wakisema kwa nini wananchi hawakati bima wanajibu hawana elimu. Elimu wanayo, wamehesabu wakaona kadi haitibu.

---

Mama Collins

Niaje watu wa TZ. Nasoma nikiwa Nakuru, niwaambie huku kwetu imekuwa aje maana nyinyi mnaelekea hukohuko.

NHIF yetu ya Kenya ilikufa, tangu Oktoba 2024 tuko SHA, mamlaka mpya ya serikali ya bima ya afya. Kitu ya kwanza walibadilisha ni vile tunalipa. Zamani NHIF ilikuwa na viwango, mwenye mshahara wa laki moja na kuendelea alikuwa anakatwa 1,700 basi, hata akiwa anapata milioni. Sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo. Mtu wa 50,000 alikuwa analipa 1,200 sasa ni 1,375, si mbaya sana. Lakini wa laki mbili ametoka 1,700 akafika 5,500. Mwenye hana payslip anaulizwa maswali ya nyumba yake, iko na paa gani, stima, choo, halafu mtambo unamwambia alipe ngapi, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Shida ni kwamba huyo wa jua kali anatakiwa alipe ya mwaka mzima mara moja. Mama mboga atatoa wapi? Ndo sasa wakaleta Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa halafu unalipa kidogokidogo.

Nayo hospitali za private kila saa zinalia ati hazijalipwa, kuna madeni ya NHIF ya zamani na ya SHA mpya, Februari 2025 muungano wao RUPHA ukasema watu walipe cash. Mimi nilikuwa na appointment ya mtoto wiki hiyo nikalipa kwa mfuko wangu. Kwa hiyo ile stori ya mama na elfu kumi na nane, hata huku iko.

---

Mzee wa Klemu

@Mama Collins karibu sana dada. Hiyo ya kulipa mwaka mzima kwa mkupuo ndo kaburi la bima ya sekta isiyo rasmi popote pale. Mtu wa bodaboda anapata hela kila siku, mlipishe kila siku. Vikoba vinakusanya hela za watu haohao kila wiki na hazipotei.

Na nikubali kitu kimoja walichofanya Kenya, kukata kwa asilimia bila kikomo ni haki zaidi kuliko kukata viwango. Mwenye nacho achangie zaidi. Sisi kwa watumishi tumekuwa na asilimia tangu mfuko uanze 2001 kwa hiyo tulishazoea. Sheria yetu ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni Novemba 2023. Kwenye muswada ule wa kwanza wa 2022 zilikuwa zinatajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja, na walitaka kuifunga kwenye leseni ya udereva, TIN na vitu kama hivyo, watu wakapiga kelele muswada ukarudi nyuma. Nadhani waliopiga kelele walifanya vizuri. Ukimlazimisha mtu kwa leseni anapata kadi lakini huwezi kumlazimisha aiamini.

---

Mpemba wa Darajani

Assalam alaykum. Na sisi wa visiwani msitusahau. Huku tuna mfuko wetu, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulianza 2023 na watumishi wa serikali. Jambo la mgeni lakini ndilo lililonishangaza, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mtalii wa kutoka nje lazima akate bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Awe na bima yake ya kwao au hana. Wakati wa korona wageni walikuwa wanaumwa hapa na hospitali hazijui nani atalipa, sasa limepatiwa ufumbuzi. Mimi nafanya kazi hotelini, mwanzo wageni walinung'unika, sasa wanalipa kama wanavyolipa viza.

---

Mzee wa Klemu

Waalaykum salaam. Ahsante, hilo ni somo zuri, maana ni mfuko unaoingiza hela kutoka kwa watu wengi wazima ili kutibu wachache watakaoumwa. Ndo bima ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba mtalii anakaa wiki moja, hana muda wa kupata figo.

---

Neema wa Ukonga

Shikamoo mkuu. Naomba nisaidiwe. Kazini kwetu wamebadilisha bima mwezi uliopita, tulikuwa kampuni nyingine, HR katuambia tu kadi mpya chukueni. Nina mimba ya miezi mitano. Jana nimeenda kliniki kwenye hospitali niliyokuwa naenda siku zote nikaambiwa hawapo na hii bima. Na nimesikia uzazi una muda wa kusubiri kabla bima haijaanza kulipa. Nimechanganyikiwa.

---

Mzee wa Klemu

@Neema wa Ukonga marahaba mdogo wangu, pole, na usichanganyikiwe, hili linarekebishika kama ukianza leo.

Kwanza muombe mtu wa HR mkataba wenyewe au jedwali la mafao, sio kipeperushi. Tafuta sehemu ya uzazi. Kampuni ikihama na wafanyakazi wote kwa pamoja, mara nyingi dalali au HR anaombea ule muda wa kusubiri uondolewe kwa waliokuwa na bima kabla, na bima mpya inakubali kwa sababu inataka biashara. Lakini lazima iwe imeandikwa. Muulize HR hivi: muda wa kusubiri kwa uzazi umefutwa kwetu? Naomba nione kwenye maandishi. Kama hawakuomba, bado hawajachelewa, mkataba una mwezi mmoja, wamwandikie dalali wao.

Pili angalia limiti ya uzazi ni kiasi gani, na je kujifungua kwa kawaida na kwa operesheni vina limiti moja au mbili tofauti. Halafu nenda hospitali iliyopo kwenye orodha mpya uulize bei yao ya operesheni kwa wenye bima yako. Ukijua tofauti sasa una miezi minne ya kuweka akiba. Na mtoto akizaliwa, uliza anaingia kwenye kadi baada ya siku ngapi, maana kuna mikataba mtoto mchanga anabaki kwenye limiti ya mama wiki za mwanzo, akiwa njiti hiyo limiti ya uzazi inaisha haraka sana.

Tatu beba kadi yako ya kliniki na vipimo vyote kutoka hospitali ya zamani, usianze vipimo upya, vitakula limiti bure.

---

Neema wa Ukonga

Asante sana kaka. Kumbe tulitakiwa kuulizwa kabla hawajahama. Kesho naenda kwa HR.

---

kijana wa Mbagala

Mkuu hapo kwa Neema nimejifunza. Sasa kwenye kuhuisha hao wafanyakazi wanaingiaje? Maana sisi tunaletewa tu.

---

Mzee wa Klemu

Mnaingia kwa kudai, mkuu. Mkataba ni wa mwaka, na mazungumzo ya kuhuisha yanaanza miezi miwili mitatu kabla haujaisha. Hapo ndo mnatakiwa mpeleke wawakilishi wawili watatu kwa HR, mmoja awe mtu mwenye ugonjwa sugu kama yupo tayari, mmoja awe na watoto wadogo. Mseme mnachotaka kibaki. Mimi nikipewa bajeti pungufu na HR naweza kukata macho, naweza kukata hospitali ya ghali, naweza kuweka mchango wa elfu tano kwa kila anayemuona daktari. Vyote vinaleta akiba ileile lakini maumivu hayalingani. Kampuni yenye vijana watupu wanaweza kukubali kuchangia elfu tano. Mwenye sukari anayeenda kliniki kila mwezi na vipimo, hiyo elfu tano kila mara inamfanya aruke kliniki, na akiruka kliniki tunarudi kwenye figo. Kwa hiyo nikiachiwa mwenyewe naombaga mchango usiwekwe kwenye kliniki za magonjwa sugu, na bima wakionyeshwa hesabu huwa wanasikia, ingawa si wote.

Ombeni pia taarifa ya matumizi ya kikundi chenu. Majina ya wagonjwa hayatolewi na hayatakiwi kutolewa, lakini jumla inatolewa, matibabu bila kulazwa ngapi, kulazwa ngapi, dawa ngapi. Nilishakuta kampuni robo ya matumizi yao yote ni malaria na homa za tumbo, na wafanyakazi wengi wanakaa eneo moja. Mwenye kampuni akanunua vyandarua na kurekebisha maji ya kiwandani. Mwaka uliofuata ongezeko la bei lilikuwa dogo na hatukukata hospitali hata moja.

---

Tabibu wa Kata

Hilo la mwisho mkuu nalichukua nalipeleka kwenye kikao cha halmashauri wiki ijayo. Na sisi tuna hizo takwimu kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za kituo, kila mwezi, hakuna mtu wa CHF aliyewahi kuja kuziomba.

---

Mzee wa Klemu

Peleka daktari. Ukipata majibu yao rudi hapa utuambie, na kama wakitaka mtu wa kuwasaidia kupanga hizo hesabu nitumie ujumbe, nakuja kwa nauli yangu.